Mwanafunzi mwenye ulemavu atangulize barua chuoni



Mwanafunzi mwenye ulemavu hujaza fomu ya kujiunga na chuo, akatia alama panapoulizwa kama ana ulemavu, kisha akatulia akidhani ameshaomba msaada. Hajaomba. Alama ile haimwambii mhadhiri kwamba kijana huyu hasomi maandishi madogo, wala haimwambii anayepanga madarasa kwamba kiti cha magurudumu hakipandi ngazi.

Haki yenyewe ipo. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu na kutumia Lugha ya Ishara, breli au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa. Kwa hivyo anayeomba hadeki, na haombi alama za bure. Mtihani ni uleule.

Barua iende kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi, na nakala kwa mkuu wa idara, kabla ya muhula kuanza. Isiseme tu "naomba nisaidiwe". Mwenye uoni hafifu ataje ukubwa wa herufi anaoweza kusoma na muda wa ziada anaohitaji. Kiziwi aombe mkalimani. Anayesoma midomo aombe mhadhiri asizungumze huku ameelekea ubao. Hilo halimgharimu mtu hata shilingi. Na mwenye kifafa, au mwenye ugumu wa kusoma ambao hauonekani kwa macho, ndiye anayeihitaji barua hii kuliko wote, maana hakuna atakayemtazama akajua.

Iambatane na ripoti ya daktari na, kwa aliyesajiliwa, nakala ya kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Ambaye hajasajiliwa aanze sasa, kwa sababu ni lazima kwanza apimwe hospitalini.

Kozi ambazo mtihani wake wa mwisho hutungwa nje ya chuo zina hatua ya ziada. Karatasi ya breli au ya herufi kubwa huombwa kupitia chuo wakati wa kusajili watahiniwa. Kusubiri wiki ya mtihani ni kuchelewa.

Nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, na mwanafunzi aihifadhi. Akikataliwa, adai sababu kwa maandishi. Kwa karatasi hizo mbili anaweza kulalamika kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, ambayo pia hushughulikia haki za watu wenye ulemavu.