Msumbiji: Kiti cha Enzi cha Bunduki



Mchongaji mgeni anapoalikwa kuzungumza mbele ya wanafunzi wa sanaa, hutarajiwa kueleza habari za mpingo, tezo na patasi. Wachongaji wa Maputo, katika nchi jirani ya Msumbiji, wanayo habari nyingine ya kueleza. Malighafi yao ni bunduki.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo vilikomeshwa kwa Mkataba wa Roma wa tarehe 4 Oktoba, 1992. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikusanya silaha, lakini nyingi kati ya hizo hazikuharibiwa. Nyingine zilibaki zimefukiwa porini au kufichwa majumbani. Ndipo mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, kwa juhudi za Askofu Dinis Sengulane, lilipoanzisha mpango wa kubadilishana silaha kwa zana za kazi. Aliyeleta bunduki alipewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki ilikatwa vipande isitumike tena, na baadhi ya vipande hivyo wakapewa wachongaji.

Mwaka 2001 mmoja wao, Cristóvão Canhavato, ajulikanaye kwa jina la Kester, aliunda kiti cha enzi kwa vipande hivyo. Kiti hicho kilinunuliwa na jumba la makumbusho la British Museum mjini London. Akitazamaye huona kwenye egemeo lake vitako viwili vya bunduki vyenye nyuso zinazotabasamu. Nyuso hizo hazikuchongwa na mtu. Ni matundu ya skrubu na mwanya wa kupitishia mkanda. Askari huyajua matundu hayo hata gizani.

Katika bunduki zilizounda kiti hicho, hakuna hata moja iliyotengenezwa Msumbiji. Zilitoka viwanda vya ng'ambo. Uasi wa RENAMO ulichochewa na walowezi wa Rhodesia, kisha ukaendelezwa na makaburu wa Afrika Kusini. Faida ilibaki huko, na makaburi yakabaki vijijini.

Jambo hili halikuwa geni kwa Tanzania. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na katika miaka ya 1980 askari wa JWTZ walivuka Ruvuma kuwasaidia ndugu zao.

Polisi nao wana fundisho lao. Silaha zilizosalia Msumbiji zilivuka mpaka zikaingia mikononi mwa majambazi wa Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1995, polisi wa nchi hizo mbili walishirikiana kuzisaka ghala za siri na kuziteketeza. Bunduki iliyopotea katika vita vya jirani ilikuwa imegeuka kuwa bunduki ya ujambazi mjini.

Wala kazi haijakwisha. Tangu mwaka 2017 risasi zimelia tena katika Jimbo la Cabo Delgado, linalopakana na Mtwara.

Ni dhahiri, basi, kwamba vita huisha siku mkataba unapotiwa sahihi, lakini bunduki haisomi mkataba. Itamtii yeyote atakayeishika. Mchongaji wa Maputo anaikata kwa msumeno. Askari wa zamu yeye anayo njia iliyo rahisi zaidi: iliyotoka ghalani kwa sahihi, irudi ghalani kwa sahihi.