Tujibu Pembeni ao Mbele ya Wote?



Neno letu ni Matayo 18:15-17. Bwana Yesu ametupa ngazi tatu. Ndugu akikukosea, umwendee, ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja ao wawili. Akikataa tena, ndipo kanisa lijue. Lakini katika grupu zetu za WhatsApp tunaanzia juu: kanisa linajua mbele ya ndugu mwenyewe kuulizwa.

Grupu moja inaweza kubeba watu 1024. Hakuna barza ya kijiji inayokusanya wengi hivyo. Unamwandikia mwimbaji wa kwaya kwamba hajalipa mchango, na wakwe zake wa Kindu na Bukavu wanasoma. Hata ukifuta, kuna aliyekwisha kupiga picha maneno yale. Basi mbele ya kujibu, tujiulize maswali matatu.

Kwanza: jambo hili ni la nani? Deni, ugonjwa, ugomvi wa ndoa, mimba ya binti, hayo yana mwenyewe. Akiwa jirani, tumwendee kwa miguu. Akiwa ng'ambo ya Luama, tumpigie simu, maana sauti inapoza kuliko maandishi. Na alilotuambia pembeni lisirushwe kwa grupu. Mezali 25:9-10 inatuonya: anayetoa siri ya mwenzake anabaki na haya isiyofutika.

Pili: kosa limefika wapi? Kule Antiokia Petro alijitenga na watu wa mataifa, wengine wakamfuata, hata Barnaba. Kwa hiyo Paulo alisema mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14). Wote walikuwa wamevutwa, wote walipaswa kusikia. Lakini Apolo alipofundisha pasipo kujua yote, Prisila na Akila walimchukua pembeni (Matendo 18:26). Kisha Apolo mwenyewe akasimama tena mbele ya watu, akafundisha vizuri. Hii ndiyo njia nzuri: tumwambie ndugu pembeni, tumpe nafasi asahihishe mwenyewe katika grupu. Asipotaka, na watu wanaendelea kupotea, tuseme mbele ya wote, tukisahihisha neno, tusimtukane mtu.

Tatu: nani ataumia tukinyamaza? Habari ikiingia usiku kwamba watu wa silaha wanatoka upande wa Salamabila, tusiirushe mbele kwanza. Tumpigie ndugu aliye pale. Ikiwa kweli, tuwajulishe wote upesi. Ikiwa uongo, tuseme katika grupu ileile, si kwa rafiki mmoja tu. Kuna mama anayefunga mizigo, anabeba mtoto mgongoni, anaingia porini na mvua kwa sababu ya ujumbe ambao hakuna aliyeusahihisha.

Wapenzi, haya ya ndugu yetu ni haya yetu, maana sisi ni mwili mmoja. Juma hili, aliyemwaibisha mwenzake katika grupu amwendee pembeni, wapatane. Kisha aombe musamaha katika grupu ileile. Waliosoma tusi wasome na musamaha.

Tuombe. Ee Bwana, weka mlinzi kwa vinywa vyetu na kwa vidole vyetu. Tupe moyo wa kumwendea ndugu mbele ya kumsema. Kwa jina la Yesu. Amina.