Uyoga wa Mamama na Chakula cha Askari

Maafisa na wapiganaji mlio makambini, na ninyi askari polisi mlio vituoni na barabarani, mazungumzo yetu ya leo yanahusu uyoga. Hatusemi ule uchomozao kwenye vichuguu mvua zianzapo, uitwao butiko kwa Kiganda. Tunasema ule upandwao vyumbani ndani ya mifuko, mweupe au wa kijivu, wenye umbo la kombe la chaza. Wakulima wa Tanzania huuita mamama.

Atokaye Jinja kuelekea Iganga, Tororo na Mbale hupita Bugembe, makao ya ufalme wa Busoga, mji ambao tangu mwaka 2020 umo ndani ya Jiji la Jinja. Karibu yake yapo mashamba ya miwa ya Kakira, na mbele zaidi mashariki ni nchi ya pamba na maharage. Uyoga huu hula mabaki ya mazao hayo hayo: maganda ya mbegu za pamba, makapi ya miwa, mabua ya maharage, hata majani makavu ya migomba. Hauhitaji ekari wala jembe. Familia ya askari yenye nafasi ndogo kambini yaweza kuutundika katika kibanda chenye kivuli na unyevu. Wajerumani waliutambua umuhimu huo walipobanwa na njaa ya Vita Kuu ya Kwanza: mtaalamu wao Richard Falck aliupanda kwenye visiki vya miti, akaandika habari zake mwaka 1917.

Je, una faida gani mwilini? Tuanze na posho, kwa kuwa posho na maharage ndicho chakula kinachojulikana sana makambini. Mahindi yana vitamini B3, lakini sehemu kubwa imefungika hata mwili hauwezi kuichukua. Watu walao mahindi matupu kwa muda mrefu wameonekana katika nchi nyingi wakipatwa na pelagra, ugonjwa wa kubabuka ngozi, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Gramu 100 za uyoga mbichi wa mamama zina kiasi cha miligramu 5 za vitamini hiyo, nayo mahitaji ya mwanamume mzima kwa siku ni miligramu 16. Hilo si jambo dogo kwa sahani ya posho. Uyoga huu una pia nyuzinyuzi na madini ya potasiamu, una chumvi kidogo mno, na mafuta yake ni haba. Ukianikwa juani, hutengeneza vitamini D, ambayo ni adimu katika mboga.

Wapo wausifuo kuwa ni nyama ya maskini. Sifa hiyo ipimwe. Sehemu 9 katika 10 za uyoga mbichi ni maji, na protini yake ni kama gramu 3 tu katika gramu 100. Maharage yaliyopikwa yanaushinda mara mbili na zaidi. Basi uongezwe kwenye maharage, usiyaondoe.

Lakini lililotusukuma kulizungumza jambo hili ni unga wa uyoga unaonadiwa kuwa dawa ya kisukari, ya shinikizo la damu, hata ya virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba uyoga wa mamama una beta-glukani, aina ya nyuzinyuzi ambayo wataalamu wanaichunguza kwa uhusiano wake na kinga ya mwili, na una chembe za lovastatini, kitu kile kile kitumiwacho katika vidonge vya kupunguza lehemu. Majaribio kwa wanyama, na mengine machache kwa binadamu, yametia moyo. Hata hivyo, kutia moyo siko kuponya. Askari aachaye vidonge vyake vya shinikizo la damu kwa ajili ya kopo la unga anajiweka katika hatari ya kiharusi, na aachaye dawa za UKIMWI anavipa virusi nafasi ya kuzaliana upya. Ale uyoga kama chakula, na dawa aendelee kuzichukua kliniki.

Kwa wapandao, yatosha kusema haya. Mabaki yachemshwe kwa mvuke kwa saa kadhaa kabla ya kutiwa mbegu, la sivyo ukungu utatangulia. Uyoga uvunwe kabla kofia hazijafunguka na kutandaa, kwa maana hutoa vumbi jepesi linaloudhi mapafu. Avunaye afunike pua na mdomo. Upikwe vizuri, usiliwe mbichi.

Na mlio katika doria misituni, msichume uyoga msioujua. Ipo aina ambayo sumu yake haiondoki kwa moto wala kwa kukaushwa. Aliyeila huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 6 hadi 24, kisha hupata nafuu ya siku moja hivi, akadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Mtu wa namna hiyo asisubiri kesho. Apelekwe hospitali mara moja, na mabaki ya uyoga ule yachukuliwe pamoja naye ili daktari ayaone.