Hana Naye Alilia Bila Sauti
(Maneno ya kikundi cha maombi cha akina mama, siku ya kuwakumbuka wafu wetu)



Wengi wetu tulitoka Uvira na Fizi wakati wa vita ya 1996. Tulivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kisha tukaletwa hapa Nyarugusu. Siku ya kuandikishwa tuliulizwa, "Mama, una watoto wangapi?" Hatukuulizwa tumezaa wangapi. Tuliwataja wale waliosimama kando yetu. Aliyebaki njiani bila kaburi, na yule aliyechukuliwa na maji usiku, tuliwameza moyoni. Hatumlaumu aliyeuliza, maana chakula ni cha walio hai. Lakini tangu siku ile na sisi tuliacha kuwataja.

Miaka mingi imepita. Watoto waliozaliwa kambini sasa ni wazazi. Huzuni yetu imezeeka lakini haijafa. Hutukuta kwenye foleni ya maji, tunapomwona mtu wa umri ambao wetu angekuwa nao leo. Tunakwenda zahanati tunasema kichwa kinauma. Hata kanisani tulijificha. Tuliogopa kuambiwa kwamba mwenye imani halii, tukaimba kwa nguvu ili kilio kisisikike.

Ndugu wapendwa, Yesu alilia katika msiba wa Lazaro, naye alijua atamfufua. Basi machozi si ukosefu wa imani.

Tena tusome habari za Hana katika 1 Samweli 1. Aliomba midomo ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamdhania amelewa. Mungu hakukosea kama Eli. Alisikia ombi lisilo na sauti. Hana alipoeleza uchungu wake, Eli alimwacha aende kwa amani. Akala chakula, na uso wake haukuwa na huzuni tena. Angalieni: wakati huo Samweli alikuwa bado hajazaliwa. Faraja ilitangulia.

Sisi wetu hawatarudi katika maisha haya. Hata hivyo tumeonja faraja hiyo. Siku hizi, mwisho wa maombi, mama anayetaka hutaja jina la mtoto wake. Hakuna anayemkatiza wala kumwambia nyamaza. Siku moja mwenzetu alitaja jina, na binti yake aliyekaa pembeni akashtuka: hakujua kwamba aliwahi kuwa na kaka. Walilia pamoja, wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Uchungu haukuisha siku ile, ila mzigo ulipata mbebaji wa pili.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Viongozi wa makanisa, msifanye haraka ya Eli. Ulizeni kabla ya kukemea. Ninyi wa mashirika, mama akinyamaza mbele ya meza yenu, mpeni muda kidogo. Na ninyi watoto wetu, tuulizeni majina ya ndugu zenu tungali hai.

Kadi haikuwaandika. Mungu anawajua kila mmoja kwa jina, na kwake hakuna aliyepotea njiani.

Bwana awafariji nyote. Amina.