Hukupangiwa Kidato cha Tano? Karakana Ipo Wazi

Majina ya waliopangiwa kidato cha tano yakitoka, kuna kijana anayejifungia chumbani kwa kuwa lake halimo. Mwanangu, fungua mlango tuzungumze.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Tabora ina chuo chake. Masomo yana hatua tatu, kila hatua na cheti chake, na muda mwingi unapita karakanani. Mwanafunzi wa umeme wa majumbani anafunga waya ubaoni, anawasha. Taa ikigoma, anafuatilia kwa testa waya kwa waya hadi aone ilipokatika. Wa useremala anaranda mninga, anachonga ulimi uingie tunduni bila msumari. Hiyo nayo ni shule, tena ngumu: vipimo vikikosewa, mlango haufungi.

Wazazi, nawaomba sana, msimpeleke mtoto ufundi kama adhabu. Ufundi una heshima yake hapa: treni zilifika mji huu mwaka 1912, na mafundi ndio waliozifanya ziendelee kutembea. Sasa reli ya kisasa inajengwa kupita hapa hapa, na kazi za kuchomelea na umeme wasichana wanaziweza kama wavulana.

Nawe uliyejifunzia gereji bila cheti, VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti. Nenda chuoni ukaulize ada, fani zilizopo na tarehe za fomu.