Nishati ya Nazi Inayoanguka

Msikilizaji, anayekokotoa nishati ya kimakanika aanze na jumla, si na kasi. Chukua nazi ya kilo 2 iliyo mita 10 juu ya ardhi. Nishati yake tuli ni tungamo mara mchapuko wa mvutano, ambao tunauchukua kuwa 10, mara kimo: jouli 200. Ikianguka hadi mita 5, nishati tuli hubaki jouli 100. Zile 100 zilizopungua zimegeuka nishati mwendo, yaani nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Kwa hiyo kasi ni mita 10 kwa sekunde, na jumla ya nishati hizo mbili bado ni 200.

Mtu atauliza, je, hewa? Ni kweli, ukinzani wake hugeuza sehemu ya jumla hiyo kuwa joto, ndiyo maana maswali mengi huagiza tuupuuze. Mwingine atauliza kimo kipimwe kutoka wapi. Popote panafaa, kwani kasi hutegemea tofauti ya vimo, mradi usihamishe mahali pa kupimia katikati ya hesabu. Basi mwanafunzi, andika jumla kwanza, ndipo utafute kasi.