Vijana wa tarehe 4 Januari

Kila tarehe 4 Januari tunawakumbuka mashahidi wa uhuru wa Kongo, lakini ni mara chache tunawaambia watoto kwamba wengi waliojaa barabarani siku ile walikuwa vijana. Jumapili hiyo ya mwaka 1959, mjini Léopoldville, mkutano wa chama cha ABAKO ulikatazwa. Watu hawakutawanyika, na vijana waliotoka uwanjani kutazama mpira wakajiunga nao. Chini ya ukoloni, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana usiku katika mitaa ya Wazungu bila kibali. Shule na hospitali nyingi zilitengwa kwa rangi. Hasira ya ubaguzi huo ndiyo iliyolipuka. Askari walifyatua risasi, makumi wakafa. Siku 9 baadaye, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akaahidi uhuru.

Uporaji uliotokea siku ile siutetei. Ujasiri wa vijana wale nauheshimu sana, na nausema hapa Kanyabayonga, njia panda ya Lubero na Rutshuru, ambapo wenye silaha bado wanawaita vijana wajiunge nao kwa jina la kabila. Lakini harakati ya Lucha, iliyozaliwa Goma mwaka 2012, inawakusanya vijana wa makabila mbalimbali bila bunduki, na baadhi yao wameshafungwa gerezani kwa kuandamana.